Zubeida Apewa Siku za Kuhama

Mikate ya Zubeida ilijulikana Palma nzima. Wafanyakazi wa mradi wa gesi wa Afungi waliinunua alfajiri, wakienda kazini. Zubeida aliioka kwenye tanuri la udongo, nyuma ya nyumba aliyopanga. Mumewe, Tuaibo, alikanda unga huku akiimba vibaya. Zubeida alimpenda hivyo hivyo.

Nyumba ilikuwa ya mzee Rajabo. Enzi za uhai wake alimwambia Zubeida, "Kaa hapa mpaka uchoke mwenyewe." Wakasoma fatiha, basi. Hawakuandika kitu.

Mzee alifariki. Binti yake, Chamima, akarudi kutoka mji wa Pemba na watoto watatu. Aliiomba nyumba ya baba yake mara tatu, na Zubeida akakataa mara tatu. Chamima akaenda mahakamani. Zubeida aliitwa, asiende. Alidhani asiyekwenda hahukumiwi.

Asubuhi moja ofisa wa mahakama alileta karatasi.

"Usiipokee," Tuaibo alinong'ona. "Usipoishika, haijafika."

Zubeida akaficha mikono ndani ya unga. Ofisa aliandika kitu, akaiacha karatasi mezani, akaenda zake.

Hapo hofu ikawashika. Tuaibo alianza kutoa magunia nje, akihofia polisi watakuja siku ile ile. Zubeida alilia. Tanuri halibebeki. Tanuri jipya hukauka kwa wiki tatu au zaidi, na ukiliwasha bichi linapasuka. Wateja wangekwenda kwingine, na wao wangekula nini?

Jirani yao Inácio aliyaona magunia. Zamani alikuwa karani wa mahakama kule Mueda. Aliingia, akaisoma karatasi polepole.

"Dada Zubeida, nani kakwambia mnatoka leo?"

"Si karatasi ya kutufukuza hiyo, kaka?"

"Ni ya kuhama, ndiyo. Lakini hapa pana prazo, yaani muda. Mna siku kumi na tano."

"Mimi sijaipokea."

"Ofisa ameandika kwamba umekataa. Siku zimeshaanza kuhesabiwa."

Tuaibo akatazama dari.

"Na maneno ya marehemu?" Zubeida aliuliza.

"Marehemu alikutendea wema. Lakini hayakuandikwa, na wewe hukwenda kuyasema. Ukiitwa na tribunal, yaani mahakama, nenda, hata kama unaogopa. Jaji atakusikiaje ukiwa nyumbani?"

"Siku kumi na tano hazitoshi kukausha tanuri."

"Basi kaombe uongezewe, kabla hazijaisha. Eleza sababu. Ila anza kwa Chamima. Mkielewana, kazi itakuwa nyepesi. Usivunje kitu humu ndani. Na siku ya kutoka, rudisha ufunguo mbele ya shahidi, upewe karatasi yenye saini."

Kesho yake Zubeida alikwenda kwa Chamima, uso chini kwa aibu.

"Dada, sikukuchukia," Chamima alisema. "Tunalala watu saba chumba kimoja, kwenye nyumba ya watu. Ningefanyaje?"

Zubeida hakuwa amelijua hilo. Hakuwahi kuuliza. Alimshika mkono, akamwomba radhi.

Wakaenda mahakamani pamoja, na ombi aliloandika Inácio. Jaji aliwasikiliza wote wawili, akaongeza siku kumi na tano.

Tuaibo alijenga tanuri jipya uani kwa dada yake, ng'ambo ya barabara. Kila jioni Zubeida aliligusa kama mama anayepima homa ya mtoto. Siku ya ishirini na nane kati ya zile thelathini, lilikuwa kavu kabisa.

Siku iliyofuata alifagia nyumba ya marehemu vyumba vyote. Alimpa Chamima ufunguo mbele ya Inácio, wakatia saini. Watoto wa Chamima waliingia mbio, wakagombania pembe za kulala.

Asubuhi yake mkate wa kwanza ulitoka umeungua upande mmoja. Tuaibo aliumega, akautafuna, akasema ni mzuri. Zubeida alicheka, akatoa wa pili, ulioiva vizuri.

Wateja walikuwa wameshapanga mstari. Wa mbele kabisa alikuwa Chamima, kikapu mkononi.

"Nipe mikate kumi," alisema. "Jana wanangu walilala kwao."