Ukuta wa Geraisto

Kaliadi alisimama mlangoni, hakuingia.

"Shemeji, kabla hujavaa shela hilo, kuna neno limenikaa kooni."

Likaste aliinua uso. Shela la rangi ya zafarani lilikuwa mapajani, sindano mkononi. "Kesho unanioa, leo bado mimi shemeji?"

"Timandro hakufa."

Sindano ilimchoma kidole, wala hakuhisi.

"Rudia."

"Mumeo yu hai. Yuko Geraisto, kwenye hekalu la Poseidoni. Anafagia ua na kuosha madhabahu. Ukitoka hapa asubuhi, jioni umefika."

Likaste alikuwa amemlilia mtu huyo mpaka sauti ikamkauka. Miaka yote Timandro alipokuwa vitani Troya alilalia upande mmoja wa kitanda, ule mwingine akamwachia mwenyewe. Mji wa Troya ulipoanguka, wanawake wa Karisto, mji wao, walipanda mlimani kutazama matanga yakirudi. Ikaja dhoruba. Merikebu zikapasuka kwenye miamba ya Kafireo, karibu kabisa na nyumbani, na Kaliadi, rafiki wa Timandro tangu utoto, akarudi peke yake bila viatu. Amezama, alisema. Likaste alikata nywele zake akazizika pale ambapo kaburi la mumewe lingekuwa. Tangu hapo Kaliadi ndiye aliyemkamulia zeituni na kuziba paa lilipovuja, na mwisho wa yote, alipomposa, Likaste alikubali kwa kuchoka.

"Uliniambia ulimwona akizama."

"Mimi ndiye niliyekuwa nazama. Tulishika boriti moja, nikaachia. Akanidaka nywele, akamlilia Poseidoni, bwana wa bahari: tuokoe wote wawili, nami sitatoka nje ya ukuta wa hekalu lako maisha yangu yote. Wimbi likatutupa mchangani." Kaliadi aliangalia chini. "Yeye ndiye aliyenituma. Alisema, mwambie nimekufa, asije akazeeka akimngoja mtu asiyeweza kurudi. Akaniomba nikutunze."

"Kunitunza ndiko kunioa?"

"Hilo sikutumwa. Hilo la moyo wangu mwenyewe. Na nimeona siwezi. Mkate ninaokula ni wake, pumzi ninayovuta ni yake, nikuchukue na wewe?"

Likaste alikunja shela, akaliweka sandukuni.

"Tandika punda."

Geraisto kulikuwa na upepo. Ukuta wa hekalu ulifika kiunoni tu, mawe yaliyopangwa bila udongo, lakini hakuna mwanamke aliyeruhusiwa kuuvuka. Likaste alisimama nje. Ndani, mwanamume mwenye mvi alikuwa akimwaga maji juu ya mawe ya madhabahu. Alimjua kwa namna alivyoinamisha bega la kushoto.

"Timandro."

Ndoo ilimponyoka. Alimtazama Kaliadi kwanza. "Nilikuomba kitu kimoja tu, ndugu yangu."

"Mwache Kaliadi," Likaste alisema. "Zungumza na mimi."

Timandro alisogea pole pole mpaka ukuta ukabaki kati yao.

"Umekonda," alisema.

"Na wewe umezeeka. Nani alikupa ruhusa ya kuniulia mume?"

"Niliapa, Likaste."

"Kiapo sina neno nacho. Ningekuwa juu ya boriti ile ningekwambia uape hivyo hivyo. Nakuuliza uongo."

"Nilitaka uwe huru."

"Uliniuliza kama nautaka huo uhuru?"

Timandro alielekeza kidevu kwenye njia ya Karisto.

"Watu wa Karisto wakileta kondoo wa sadaka," alisema, "najificha nyuma ya nguzo nisikie kama watakutaja. Juzi walisema unaolewa na Kaliadi. Nikasema vizuri, ndivyo nilivyotaka. Halafu nikaenda nyuma ya zizi nikatapika."

Likaste aliweka mkono juu ya jiwe. "Mimi hujaniapia kitu. Nishike."

Aliushika kwa mikono yote miwili, akaweka paji la uso juu yake. Kaliadi aligeuka, akajifanya anafunga mkanda wa punda.

"Sirudi Karisto," Likaste alisema. "Nitakaa hapa nje."

"Utaishi na ukuta?"

"Nimeishi na kitanda kitupu. Ukuta angalau una mtu upande wa pili."

Kaliadi ndiye aliyemjengea kibanda, akambebea mawe mwenyewe. Alipomaliza aliaga. "Kwaheri, shemeji," alisema, na safari hii neno lile lilikaa mahali pake. Alipanda jahazi la kwenda Athene na hakuonekana tena.

Likaste aliwauzia mahujaji mikate ya shayiri. Kila jioni walipanga jibini na zeituni juu ya ukuta, wakala, huyu huku na yule kule. Waligombana, walitaniana, walianza upya kujuana. Mvua ikinyesha, kila mtu alikimbilia kwake, na hapo ndipo ukuta uliuma kuliko siku zote.

Kisha Timandro akapata homa. Likaste alimsikia akikohoa ndani, akisema ovyo, akiita jina lake. Makuhani walimpa maji, lakini hakuna aliyemshika kichwa. Homa ilipompungua, Likaste alishuka mpaka baharini, maji yakamfika magotini.

"Baba Poseidoni, mtikisa ardhi," alisema, "sikuja na fahali, sina. Vita vilimchukua kijana, wewe ukamchukua mtu mzima. Amekufanyia kazi bila kunung'unika. Mimi sikuomba sehemu kubwa. Niachie uzee wake."

Alirudi akaoka mikate yake.

Siku zilipita. Mchana mmoja, Timandro akiwa anafagia, ndege walinyamaza na ardhi ikatikisika. Nguzo zilibaki wima. Paa lilibaki juu. Ukuta wote, kuanzia baharini mpaka langoni, ulilala chini kama uliosukumwa na bega moja.

Timandro alikuwa amepiga magoti. "Amekasirika."

"Angekasirika angekuangushia paa," Likaste alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. Hakuthubutu kumwita.

Kuhani mkuu, mzee mwenye mguu mbovu, alitoka akiwa na vumbi kwenye ndevu. Alitazama mawe, akamtazama mwanamke, akamtazama mtumishi wake.

"Mwenye nyumba kafungua mwenyewe," alisema. "Mimi siwezi kumrudisha ndani mtu aliyefunguliwa na yeye. Nenda, mwanangu."

Timandro alivuka mawe kama anayekanyaga maji asiyojua kina chake. Alipofika nje alikaa chini kwenye nyasi, akalia. Likaste akakaa kando yake.

Walikaa bega kwa bega kwa muda mrefu, hakuna aliyejua aiweke wapi mikono, maana ilishazoea kukutana juu ya jiwe.

"Twende?" Likaste aliuliza.

"Bado kidogo," Timandro alisema, na akaegemeza kichwa mapajani mwa Likaste.