Mama Alilala Uani, Nikampiga Picha

Mimi ni binti wa miaka ishirini na minne, mkazi wa Busunzu, Kibondo. Ndugu wasomaji, naandika haya bila machozi. Yamekauka...

Niliitwa Kasulu kwenye usaili wa kazi ya kuchunguza maeneo ulikotokea uhalifu. Fani yenyewe nilijifunza peke yangu, kwa simu. Na kwa kuwa naogopa sana kukosea, nilirudia kila kitu kila siku.

Marehemu wangu wa mazoezi alikuwa mama. Alilala uani, nikamzungushia kamba, nikapiga picha toka kila kona, nikataja kwa sauti nilichokiona huku simu ikirekodi.

"Leo umeniua na nini?" aliniuliza.

"Panga, mama."

"Basi niue upesi, maharage yataungua."

Tulicheka... Lakini sikuridhika. Nilimwambia tukio la kweli halipigi hodi, siku moja anishtukize. Akakubali.

Usaili ulipokaribia, nilitoka kisimani nikamkuta amelala karibu na mlango wa jiko, mkono mmoja chini ya kifua. Nilifurahi! Nikatua ndoo taratibu, nikafunga kamba, nikapiga picha. Nikataja: mwanamke, kalala kifudifudi, ndala moja imemtoka mguuni. Nikataja pia harufu ya maharage yanayoungua.

Mama yangu aliacha lini maharage yaungue? Sikujiuliza. Sijui kama alinisikia nikimtaja...

Harufu hiyo ndiyo iliyomleta jirani yetu, Mama Neema. Nikamwambia, "Usikanyage hapo!" Akaivuka kamba, akapiga magoti, akamshika mama shingoni. Halafu akanitazama.

Hospitali walisema ni presha, na kwamba tumechelewa kumfikisha. Sikuuliza tumechelewa kwa kiasi gani.

Baada ya maziko nilikwenda Kasulu. Kwa nini? Miguu ilikwenda tu. Mzee mmoja kati ya waliotusaili akaniuliza, nikifika eneo la tukio nikamkuta mtu amelala, naanza na nini.

"Namgusa," nikasema. "Naangalia kama yuko hai."

Akaniambia vizuri sana, binti, wengi hukimbilia kamba na kamera.

Kazi nimepata. Sihisi chochote.

Wapendwa, msijiandae kwa lolote mpaka mkaacha kuwaona watu wenu. Mtu wako akilala mahali asipolalaga, mguse kwanza. Kama anatania, mwache akucheke.