Sauti ya Elzie Battle Msituni

Jumanne alfajiri walimkuta Kapteni Crawford Tull amelala kifudifudi kando ya kijito, kisogo kimepasuka, farasi wake akila nyasi pembeni. Hakuna aliyelia. Tull alikuwa msimamizi wa wagema wa utomvu. Kazi yake ilikuwa kuzunguka msitu wa misonobari juu ya farasi, mjeledi mkononi, kuhakikisha kila mtu mweusi wa kambi anachanja miti na hakuna anayetoroka. Florida ya miaka ile, kuingia kambi ya tapentaini, mafuta yatokanayo na utomvu huo, kulikuwa rahisi. Kutoka ilikuwa habari nyingine.

Jua lilipopanda kidogo, Sherifu Odom alikuwa ameshamaliza upelelezi wake.

"Ni Elzie Battle," alisema. "Nyumba yake tupu. Mke hayupo, watoto hawapo, hata sufuria hakuna. Kaua jana, usiku katoroka. Hawezi kuwa mbali. Mbwa wangu watamkamata leo hii, na kamba ninayo."

Inspekta Harlan Pruitt wa makao makuu ya jimbo, aliyekuwa karibu kwa kazi nyingine, alimpita akaenda kwenye maiti. Msidhani aliwapenda watu weusi. Alichukia tu kuharakishwa, na siku ile hiyo ilitutosha. Alipiga magoti, akakitazama kisogo cha marehemu.

"Amekufa lini?" alimuuliza daktari.

"Jana alasiri. Mwili umekakamaa wote."

"Silaha?"

"Kitu butu, cha mviringo. Pigo moja. Na kuna utomvu ndani ya jeraha."

Silaha hiyo kila mgema alikuwa nayo. Kisu cha kugemea kina tufe la chuma mwishoni mwa mpini, la kukipa uzito mkono unapovuta chale.

Pruitt akamwita Cephus Roundtree, mhesabu miti. Kule kila mgema ana jina lake la msituni. Akimaliza kuchanja mti hulipaza, na mhesabu aliyeketi kisikini humwitikia na kumtilia nukta. Elzie alijiita Yeriko.

"Jana ulimsikia Elzie?"

"Ndiyo, Kapteni," alisema Cephus, kama tulivyomwita kila bosi mzungu. "Kutwa nzima. Yeriko, Yeriko, mpaka masikio yakachoka."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka tulipofunga kazi."

"Ulimwona?"

"Msitu mnene, Kapteni. Mimi nasikiliza tu."

Odom akacheka. "Umeona? Alasiri alikuwepo. Kaua, kisha karudi kuchanja miti kama si yeye."

Uso wa Cephus ukabadilika. Maneno yaliyopangwa kumfunika Elzie yalikuwa sasa yanamtia kitanzi.

Pruitt alitaka kuliona eneo la Elzie. Baba yake aliwahi kuwa na mtambo wa kuchemshia utomvu, na chale mbichi aliijua tangu utoto: huwa nyeupe, imelowa, inatiririka koponi. Alisimama kwenye mti wa kwanza, akaupapasa kwa kidole. Mkavu. Wa pili mkavu. Alizunguka mpaka jasho likamlowesha mgongo, na kila mti ulikuwa na utomvu wa wiki iliyopita, umeganda na kuwa mgumu.

"Cephus, jana Elzie alichanja miti ipi?"

Cephus akaziangalia nukta zake.

"Au alikuwa anatembea tu msituni, anajiita jina?"

"Mimi nasikiliza tu, Kapteni."

"Hakuwepo. Aliondoka kabla kazi haijaanza, na kuna mtu alimwitia kutwa. Eneo la jirani ni la nani?"

"Sikumbuki."

"Unawajua watu wote kwa sauti, jirani yake humkumbuki?"

"Uzee, Kapteni," alisema Cephus, ambaye hakuwa amefika miaka thelathini.

Pruitt akaenda mwenyewe. Eneo la jirani lilikuwa na chale mbichi, zimenyooka vizuri. Karibu na kijito tu ndipo zilipoanza kwenda upogo, kama zimechanjwa na mkono unaotetemeka. Mbele kidogo mzee mmoja alikuwa kazini, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu katika joto lile. Alikuwa Lubin Sykes. Kambi nzima ilimwita Mjomba.

"Fungua kola, mzee."

Lubin akafungua. Alama ya mjeledi ilitoka sikioni ikashuka hadi begani, bado nyekundu.

"Tull?"

"Ndiye."

"Ukamuua kwa sababu alikuchapa."

"Kwa mjeledi mmoja?" Lubin alitabasamu kidogo. "Nimechapwa tangu sijaota ndevu. Angenichapa mpaka jioni ningekaa kimya."

"Kwa nini basi?"

Mzee alimtazama Odom, aliyekuwa amewafuata, kisha akamrudia Pruitt.

"Tull alimtaka Arvella, mke wa Elzie. Alituma mara mbili ahamie nyumbani kwake, eti akapike. Mara ya tatu angemfuata mwenyewe. Tukasema hapana. Jana kabla ya kazi Elzie na familia yake wakaondoka kwa miguu kwenda kituo cha treni, mimi nikabaki kuita majina mawili, langu na lake. Tull akasikia Yeriko inatoka upande usio wake, akaja, akanikuta."

"Akakupiga."

"Mara moja. Kisha akanipa mgongo, akashika hatamu. Akasema anakwenda kufungua mbwa wawafuate." Mzee akakiweka kisu chake chini. "Binti mdogo wa Elzie ana mguu mbovu, Inspekta. Hana mbio yule. Nikageuza kisu, nikampiga kwa chuma. Na leo akisimama hapa na kusema hivyo, nampiga tena."

Odom alitema mate chini. "Asubuhi niliwauliza wote. Ukasema hukuona kitu. Mbona sasa umekuwa msemaji?"

"Asubuhi treni ya kaskazini ilikuwa haijavuka mpaka wa jimbo. Sasa imevuka. Hata ungenibana asubuhi ile, ningekuacha utunyonge kambi nzima, mmoja mmoja, na nisifungue mdomo."

"Unaongopa. Wako humu humu msituni."

"Haya, watafute. Ila muuaji mnaye, na si Elzie. Liandike hilo, Inspekta."

Pruitt aliandika, kisha akatoa pingu. Lubin alifunga kifungo chake cha juu kwanza, taratibu, wakamsubiri.

Odom aliwafungulia mbwa hata hivyo. Walirudi jioni bila kitu, ndimi nje, wakapita mbele ya vibanda vyetu. Tulikaa barazani tukawatazama, na hakuna aliyeingia ndani kujificha.