Watano Kila Zamu

Mama Makochi alikuwa fundi wa makochi, na jina alilopewa na wazazi wake hakuna mtu mtaani aliyelikumbuka. Karakana yake ilikuwa chini, inatazama barabara. Kwake kulikuwa juu ya karakana, vyumba viwili na ngazi moja nyembamba ya mbao. Huko juu alikaa mama mkwe wake, ambaye miguu ilikuwa imemgomea mwaka wa tatu sasa. Mume alikuwa dereva wa lori la safari ndefu, na akilala nyumbani siku nne kwa mwezi basi familia inasema amekaa sana.

Kila asubuhi Mama Makochi alimpandishia mama mkwe chai na beseni la maji ya kunawa. Kisha alishuka, akafungua mlango wa karakana na kutoa meza yake ya kukatia vitambaa nje, maana ndani palijaa sponji mpaka huwezi kugeuka. Meza ile ilikuwa na mahali pamoja tu. Barabara yote ilikuwa mawe na mashimo, isipokuwa kipande cha zege mbele ya karakana, kimelala sawasawa. Katikati ya zege kulikuwa na mfuniko wa chuma wenye rangi nyekundu iliyobanduka. Mtaa ule ulikuwa na mifuniko minne ya namna hiyo, na juu ya kila mmoja palikuwa na meza ya fundi. Mtu aliyepata zege alijiona kaukata.

Mdogo wa mumewe alikuwa askari wa zimamoto, tena katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi wa zimamoto. Kwa hiyo mtaa mzima ulimwita Katibu. Alikuja kila Jumanne kumwona mama yake, na kila Jumanne aliigonga ile meza kwa kidole.

"Shemeji, toa meza. Chini yake kuna bomba letu la maji ya kuzimia moto."

"Tangu niolewe sijaona mtu akilifungua," alimjibu. "Nikiitoa, nitakatia vitambaa mgongoni kwako?"

Walicheka wote wawili, kama ilivyo kawaida ya mashemeji, na meza ikabaki palepale.

Jumanne moja Katibu hakucheka. Alimpa karatasi na kumweleza kuwa halmashauri ya mji inataka kupunguza askari wa kila zamu kutoka watano hadi watatu. Tangu mwanzo wa mwezi walikuwa kwenye majaribio. Alhamisi ya wiki ijayo kungekuwa na kikao cha wazi cha bajeti, na mwananchi yeyote anaruhusiwa kusimama na kusema. Chama kilikuwa kinapita nyumba kwa nyumba kuwaomba watu wahudhurie.

Mama Makochi alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja.

"Chama si cha mishahara yenu? Basi nendeni mkaombe wenyewe. Mimi mkate wangu hautoki halmashauri."

"Mishahara tunaidai, sikatai. Lakini hili silo. Sikiliza, shemeji. Dereva hawezi kuondoka kwenye pampu. Nyumba ikiwaka, wanaingia wawili, na wawili wanabaki nje tayari kuwatoa hao wa ndani wakizidiwa. Hesabu mwenyewe ni wangapi."

"Watano."

"Zamani hakukuwa na idadi. Mwenzetu mmoja aliingia peke yake, akatolewa kesho yake. Chama kikakaza kamba miaka miwili mpaka tukapata watano. Sasa wanatuambia watatu wanatosha."

Mama Makochi alisema atajitahidi. Wewe na mimi tunajua maana ya atajitahidi. Karatasi aliitia kwenye droo ya vifungo, akarudi kwenye kochi lake.

Jumamosi, saa nane mchana, jirani yake seremala, aliyeitwa Randa, aliacha gundi ikichemka kwenye jiko na kutoka kupatana bei na mteja. Mazungumzo yakanoga. Kati ya karakana yake na ya Mama Makochi palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba tu. Mama Makochi mwenyewe alikuwa amevuka barabara kununua uzi. Aliposikia watu wakipiga kelele aligeuka, akaona moshi mweusi unatoka mlangoni kwake.

Akili zikamruka. Alitoka mbio, uzi ukaanguka, na Randa alimdaka kiunoni akiwa hatua mbili kutoka mlangoni. Sponji lilikuwa limeshika. Moshi wa sponji ni sumu. Mtu akiuvuta kidogo tu anaanguka. Ngazi ilikuwa nyuma ya moshi ule. Dirisha la juu lilikuwa na nondo alizoziweka mwenyewe kwa kuogopa wezi.

"Mama," aliita. "Mama."

Dirishani hakutokea mtu.

Alipiga simu zimamoto. Kwa bahati alikumbuka alivyofundishwa na shemeji yake: taja mtaa, taja alama ya karibu, sema kama kuna mtu ndani. Akasema yuko bibi mmoja, ghorofa ya kwanza, hatembei. Gari lilifika baada ya dakika saba, na dakika saba hizo alizeeka.

Wakashuka watu watatu. Dereva alibaki kwenye pampu. Kijana mrefu alivuta mpira wa maji. Wa tatu alikuwa Katibu, amevaa koti zito na mtungi wa hewa mgongoni. Aliangalia dirisha la mama yake mara moja, kisha hakuliangalia tena. Walianza kumwaga maji mlangoni.

"Ingia," Mama Makochi alimwambia.

"Tuko watatu, shemeji. Tukiingia wawili, hakuna wa kututoa. Tukianguka kwenye ngazi, na yeye tunamfungia njia. Nimewaita wenzetu walio mapumzikoni. Wanakuja."

"Ni mama yako yule."

"Najua ni mama yangu," Katibu alisema, na sauti ilikuwa ya mtu anayelia bila machozi. Mpira hakuuacha.

Hapo maji yakaanza kulegea. Gari la zimamoto hubeba maji ya dakika chache tu, lakini mtaani nani anajua hilo? Watu waliona maji yanakatika, wakaanza kunong'ona, kisha kupaza sauti, kwamba hawa wamekuja bila maji kama kawaida yao. Mtu mmoja aliokota jiwe. Kijana mrefu alikuwa ameshauacha mpira kwa Katibu, akawa anakimbia huku na huku na ufunguo mkubwa wa chuma, anatazama chini kama mtu aliyedondosha sarafu. Katibu alimpigia kelele kumwelekeza, lakini sauti yake ilimezwa na makelele ya watu.

Mama Makochi alimwona na ufunguo ule, akaelewa anatafuta nini. Aliishika meza yake, meza aliyoilinda miaka kumi na miwili, akaipindua na mikasi, na vitambaa, na viunzi viwili vya makochi vilivyokuwa juu yake.

"Hapa," alisema. "Randa, njooni mnisaidie. Bomba liko hapa."

Aliyeokota jiwe alilitupa chini, akaja kuvuta viunzi. Mfuniko ulikuwa umeganda kwa gundi, vumbi na miaka. Randa aliugonga kwa nyundo pembeni mpaka ukaachia. Kijana mrefu alizungusha ufunguo kwa uzito wake wote. Mara mpira ukajaa, ukanyooka barabarani, na maji yakatoka kwa nguvu.

Lakini moto kupungua si mtu kutoka. Mama Makochi alisimama katikati ya barabara, mikono kichwani, anahesabu bila kujua anahesabu nini. Ndipo ikaja pikipiki imebeba wanaume wawili, mmoja amevaa kandambili, mwingine bado anatafuna. Walivaa makoti kutoka garini wakiwa wanakimbia. Sasa walikuwa watano. Katibu alimgusa yule wa kandambili begani, ambaye sasa alikuwa na buti za watu, wakaingia pamoja, na wawili wakabaki mlangoni.

Dakika nne. Kisha buti zikaonekana kwenye moshi, na Katibu akatoka na mama yake mikononi amefungwa shuka lililolowa. Bibi alikuwa amefumba macho. Mama Makochi aliweka sikio kwenye kifua chake akasikia pumzi nyembamba inakwaruza. Akakaa chini palepale kwenye matope, akalia.

Hospitalini bibi alilazwa siku tisa. Siku ya tatu aliweza kuzungumza, kwa sauti iliyopasuka ambayo hajaiacha mpaka leo. Alieleza kuwa aliposikia harufu alijiangusha chini kutoka kitandani, akaburura mwili mpaka mlangoni na kufunga mlango. Akavuta shuka, akaliloweka kwenye beseni la kunawa, akaziba nafasi ya chini ya mlango. Kisha akalala kifudifudi, mdomo karibu na sakafu, kwenye hewa iliyobaki.

"Mwanangu ananifundisha kila Jumanne," alisema. "Nilikuwa namwona anapiga soga tu."

Daktari alisema mlango ule uliofungwa ndio uliompa muda. Mama Makochi alitoka wodini na kwenda moja kwa moja kuitafuta droo ya vifungo. Droo ilikuwa imeungua pamoja na karatasi, lakini siku ya kikao hakuwa ameisahau.

Alhamisi ukumbi wa halmashauri ulijaa. Mafundi walikuja zaidi ya thelathini, Randa akiwa nyuma kabisa kwa aibu. Wa chama walikaa mbele na sare zao. Ofisa wa fedha alisimama, mtu mpole, akasoma kwamba majaribio ya askari watatu kwa zamu yamekwenda vizuri, na kwamba katika kipindi chote hakuna mtu aliyefariki. Mwenyekiti akauliza kama mwananchi yeyote ana la kusema.

Mama Makochi alisimama.

"Mimi ni fundi wa makochi. Mama mkwe wangu ndiye huyo ambaye hakufariki. Hakufariki kwa sababu watu wawili waliokuwa mapumzikoni waliacha chakula mezani. Siku hiyo wangekuwa safarini, leo ningekuwa msibani. Mtoto wa yule mama alisimama mlangoni na vifaa vyote mwilini, akashindwa kuingia kumtoa mama yake, kwa sababu nyinyi mlimpunguzia wenzake. Mimi nilimwona uso. Sitaki kuuona tena. Na kosa langu nalisema. Meza yangu ilikaa juu ya bomba miaka kumi na miwili, naambiwa natia pamba masikioni. Hilo nimelirekebisha. Na nyinyi rekebisheni lenu."

Ofisa wa fedha alikuwa anaangalia karatasi yake bila kuigeuza. Katibu wa chama, shemeji yake, alisimama baadaye akaeleza kwa utulivu kitu ambacho wengi hawakukijua: ushuru wanaolipa mafundi kila mwaka ulikuwa na sehemu ya usalama wa moto, lakini sehemu hiyo ilikuwa inaingizwa kwenye matumizi mengine. Chama hakikuomba kodi mpya. Kiliomba sehemu ile irudi ilikokusudiwa. Madiwani walibishana mpaka jua likashuka, kisha wakapiga kura. Askari watano wakarudi kwenye kila zamu. Gari jipya la zimamoto, ambalo chama kiliomba pia, waliliahirisha hadi mwaka mwingine, na chama bado kinawafuata.

Mtaani meza nne zilihama. Ya Mama Makochi, mpya, sasa iko kwenye mawe, na miguu yake imewekewa vipande vya mbao alivyoletewa na Randa bila kuombwa. Randa siku hizi akichemsha gundi hatoki, hata aje mteja wa namna gani. Mifuniko imepakwa rangi nyekundu. Nondo za dirisha la juu zimewekewa mlango mdogo unaofunguka kwa ndani. Na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi gari la zimamoto huja kufungua mabomba yote manne na kuyajaribu.

Siku hiyo bibi huomba asogezwe dirishani mapema. Gari likisimama, Mama Makochi huacha kukata, mkasi ukibaki katikati ya kitambaa, na husikia sauti ile iliyopasuka ikihesabu kutoka juu wanavyoshuka. Mmoja. Wawili. Watatu. Hapo hunyamaza, na Mama Makochi naye hushika pumzi. Wa nne. Wa tano.

"Wametimia," bibi husema. "Endelea na kazi, mwanangu."