Mahame ya Dakika Sita

Harufu ya nywele zinazoungua ilianza siku ambayo draya ilikuwa kwa fundi. Msusi alizima pasi ya nywele, akachungulia soketi zote, akamnusa hata mteja aliyekuwa kitini. Hakuna kilichoungua.

"Labda jirani anachoma takataka," alisema mdogo wake.

"Takataka za jirani zina nywele?"

Wakacheka. Saluni ile ya chumba kimoja ilikuwa ya hao ndugu wawili: mkubwa akisuka, mdogo akiosha vichwa na kuongea. Kwa kuongea huko aliitwa Kasuku, na jina likamkaa. Yeye ndiye aliyeunganisha simu yake na televisheni ya ukutani, baada ya kuchoshwa na tamthilia ambazo kila mtu alijua mwisho wake. Mtandaoni alikuwa amegundua ulimwengu mzima wa katuni fupi za watu wasio na kampuni wala sifa, mtu na meza yake tu: mbwa anayetafuta kivuli chake, wimbo wa dakika tatu ambamo samaki wanagombea viti ndani ya basi. Wateja waliokwisha kusukwa walibaki vitini, eti wanangoja jua lipungue.

Siku ile ya harufu alikuwa amepata filamu ya dakika sita, haijatazamwa na mtu hata mmoja. Hilo ndilo lililompendeza. "Sisi wa kwanza, Dada!"

Ilikuwa nyumba ya penseli juu ya kilima, ndege wakipita, filimbi ikilia polepole. Dirishani alikaa mwanamke akichana nywele. Hakuwa na mdomo.

"Mchoraji kasahau mdomo," alisema mteja.

"Hajasahau," Msusi alijibu, asijue kwa nini.

Kasuku akaushika ule wimbo wa filimbi. Aliuimba kwa pua akiosha, akifagia, akila. Siku ya tatu sauti ikamkauka. Siku ya nne alifungua kinywa kumsalimia mteja, ikatoka filimbi. Akajishika koo, akajaribu kumwita dada yake, ikatoka filimbi. Macho yakamtoka, machozi yakamshuka, na wimbo ukaendelea kumtoka kinywani laini, kana kwamba ana raha zake.

Hospitali walimmulika koo, wakasema zima. Waliporudi saluni, adhuhuri, jua kali mlangoni, walikuta televisheni inawaka na hakuna aliyeiwasha. Mwanamke wa dirishani sasa alikuwa na mdomo, na meno yake ya mbele yalikuwa na mwanya, mwanya uleule wa Kasuku, ambao Msusi aliujua tangu meno yale yanaota.

"Dada," ilisema televisheni, kwa sauti ya Kasuku. "Niletee na wengine."

Msusi aling'oa waya ukutani. Picha haikuzimika.

Jirani mmoja akamwita mganga, mama mtu mzima, mpole. Alinusa hewa, akakataa kukaa.

"Ongea polepole, mwanangu," alinong'ona. "Jini hapendi penye watu. Hukaa mahameni, kwenye nyumba zilizokosa watu. Mahame haya kayapata wapi humu, sijui. Choma hiyo televisheni, na hayo makatuni usiyaguse tena."

"Na sauti ya mdogo wangu?"

"Shukuru kakuachia yeye mwenyewe."

Msusi alimtazama mdogo wake kwenye pembe ya chumba, viganja mdomoni, akiuzuia wimbo usitoke. "Mama, nakuheshimu," alisema, na hakunong'ona. "Lakini mwizi akiingia kwangu sichomi nyumba. Namtoa mwizi."

Chini ya filamu mchoraji alikuwa ameacha anwani. Msusi alimwandikia, akampa namba yake. Simu ikaita papo hapo.

"Umeiona? Kweli umeiona?" Sauti ya kijana, inahema.

"Nimeiona, kaka. Yule mwanamke dirishani ni nani?"

"Sikuchora mwanamke. Dirisha ni tupu. Nilichora miaka minne, dada, nikaiweka, hakuna aliyekuja. Mwaka na nusu sasa, hata mtu mmoja."

Hapo neno la mganga likamgonga Msusi kifuani. Mtu kajenga nyumba, wageni hawakufika, mwingine kahamia.

"Usikate simu," alimwambia. "Leo unapata wageni."

Alipita mtaa mzima na hakumficha mtu kitu. Wengine walimfungia mlango. Waliokuja walifika kama thelathini: fundi viatu, mama wa genge la mboga, mwalimu mstaafu, vijana wa gereji, wateja waliosukwa nusu kichwa. Kasuku alikalishwa mbele kabisa.

Msusi alipobonyeza, harufu iliwafikia kabla ya picha, nzito, ya nywele na ngozi, na filimbi ikaanza chini kwa chini, ikapanda kuta hadi vioo vikatetemeka, na ndani ya kila kioo mwanamke yule akawa anachana, anachana, anatabasamu kwa mwanya usio wake, na watu wakahisi koo zao zikivutwa kama uzi unaotolewa kwenye nguo, mama wa genge akaanza kuimba kwa pua bila kutaka, na kijana wa gereji naye, na aliyekuwa mlangoni akageuka akimbie, akakuta miguu haimtii.

"Msimtazame yeye!" Msusi alipaza sauti. "Tazameni ndege! Kila bawa mtu kalichora kwa mkono wake! Semeni kitu! Chochote!"

Fundi viatu ndiye aliyeanza: "Ile... ile ngazi imepinda."

"Imepinda kwa makusudi," alijibu mwalimu mstaafu. "Huoni kilima kimeinama?"

"Kilima gani? Fundi mbovu tu."

"Na yule ndege mnene," mama wa genge alisema kwa taabu, akiumeza wimbo, "mume wangu kabisa, akitoka kula!"

Kicheko kikapasuka. Baada ya hapo hawakushikika: huyu anabishia rangi ya mlango, yule anataka kujua ndege wanakwenda wapi. Mwanamke akaacha kuchana.

"Tokeni," alisema. "Hapa pangu."

"Pako?" Msusi alisogea hadi pua ikakaribia kioo cha televisheni, chanuo mkononi. "Ulichora mstari upi? Mwenye nyumba huyu hapa." Akainua simu. "Mwambie, kaka."

Sauti ilitoka nyembamba. "Dirisha niliacha wazi upepo upite. Sikukukaribisha wewe. Toka."

"Toka!" chumba kizima kikapokea, na sauti iliyowazidi wote ilitoka kiti cha mbele, ikikwaruza kama mlango wenye kutu: "Toka, mshenzi wewe, na mdomo wangu uuache!"

Dirisha likabaki tupu. Ndege wakapita. Kwenye simu mchoraji alikuwa akilia, na Kasuku tayari alikuwa akimsimulia yaliyotokea, kuanzia mwanzo.

"Irudieni," alisema fundi viatu. "Mimi sijaiona vizuri."

Siku hizi ndugu wale hutafuta katuni zile tu ambazo hazijatazamwa na yeyote, na kabla ya kubonyeza, Msusi hugonga ukingo wa televisheni na kupiga hodi. Kwa kawaida hajibiwi. Lakini juzi, kwenye katuni ya jiko lenye sufuria moja, sauti kavu ilimjibu kutoka ndani:

"Hakuna mtu."

Msusi aligeuka, akalitazama benchi lililojaa wateja.

"Sogezeni viti mbele, jamani," alisema, akabonyeza.