Kahawa Imepoa, Muath

Foleni ya falafeli, zile bajia za dengu, katikati ya Amman haina adabu. Siku ile ilimsukuma Rahaf mpaka kompyuta yake ikaponyoka na kuanguka miguuni pa kijana mwenye shati la kijani na mikono yenye harufu ya waya ulioungua.

"Pole, dada. Umeniletea kazi bila hata salamu," kijana akasema, akaiokota.

"Kazi gani? Kwani wewe nani?"

"Muath, fundi kompyuta. Duka langu lile pale. Mungu hakosei anwani."

Rahaf alijikaza asicheke, akashindwa. Basi kompyuta ikapona, moyo ukaugua. Kila jioni ni simu.

"Bi Muuguzi, umekula?"

"Nitakulaje nawe hunipi nafasi ya kutafuna?"

Lakini Rahaf alikuwa na lake rohoni. Hospitali moja ya Aqaba, mji wa mbali kusini, ilimwahidi kazi ya mashine za kusafishia damu wagonjwa wa figo, kwa sharti afaulu kozi ya mtandaoni. Mtihani ulikuwa na nafasi tatu tu. Ya kwanza akafeli. Ya pili akafeli tena, yeye aliyeongoza darasa chuoni! Maelezo ya kozi yalikuwa kama ya mlevi: "Kaba foleni kabla ya kumwaga mgonjwa." Alikariri upuuzi ule mpaka kichwa kikamuuma. Chakula hakipiti, usingizi umempaa.

Asubuhi ya mtihani wa mwisho akampigia mwalimu wa kozi.

"Mwalimu, Kiarabu chenu sikielewi."

"Kiarabu gani, binti? Kozi yetu ni ya Kiingereza tupu. Kompyuta yako ndiyo inayotafsiri yenyewe. Kuna mtu kaiwashia hicho kitu."

Mtu! Na nani mwingine aliyeigusa kompyuta ile? Rahaf akakumbuka maneno ya juzi kwenye simu: "Aqaba mbali, roho yangu." Damu ikamchemka. Alifika dukani na kompyuta kwapani, ushungi umekwenda upande, koti la kazini halijafungwa hata kifungo.

"Uliwasha tafsiri?"

"Niliwasha, nikurahisishie mambo. Wateja wangu wote nawawashia..."

"Ili nifeli! Ili nisiende Aqaba!"

"Wallahi sikujua kwamba inaharibu!"

"Kiingereza nimekisomea miaka yote chuoni, Muath. Uliniuliza?"

Muath akaivuta kompyuta. Akaizima ile tafsiri.

"Sikukusudia. Ila nikwambie ukweli: ulipofeli mara ya kwanza, moyo wangu ulifurahi. Kidogo. Tangu siku hiyo najionea haya."

Kwa Rahaf, afadhali angemzaba kofi. Mezani palikuwa na kahawa yake, ndiyo kwanza imemiminwa. Muath akaisukuma kando bila kuionja, kama wafanyavyo wazee wakienda kuposa: kahawa ya mwenye nyumba haiguswi mpaka wakubaliwe.

"Siinywi, Rahaf, mpaka useme neno."

"Basi itaota ukungu," akajibu, akabeba kompyuta yake.

Nyumbani akafungua mtihani, sasa ukiwa kwa Kiingereza chake. "Bana mrija kabla ya kumtoa mgonjwa kwenye mashine." Lo! Kumbe ndiyo hayo tu? Lakini upuuzi aliokariri bado ulimpigia kelele kichwani, akafuta jibu, akaandika, akafuta tena. Simu ikalia: Muath. Akaiacha ilie. Akabonyeza kitufe cha mwisho huku amefumba macho, akimwita Mola wake.

Alasiri alirudi dukani. Muath alisimama ghafla mpaka kiti kikaanguka.

"Wamesemaje?"

"Nimefaulu. Naondoka."

Muath akainua kiti. "Hongera. Umestahili." Akainamisha kichwa, kisha akakiinua. "Aqaba nako watu wanaangusha kompyuta. Ukinikubali, nahamishia duka huko. Usiponikubali, nenda kwa heri, sitakuzuia. Nakuuliza, Rahaf. Unanitaka?"

"Leo umeniuliza," Rahaf akasema, machozi yakimlengalenga.

Kikombe kilikuwa palepale, kimejaa. Akakisogeza mpaka mbele yake.

"Kunywa kahawa yako, Muath."

"Imepoa."

"Kunywa hivyohivyo. Ya moto utapewa na baba yangu."