Chumvi Kwenye Neva

Sufiani alikuwa akipanga mifuko ya chumvi sokoni Morogoro, katikati ya kelele za wauza mitumba na redio za Dubai zilizofurika tangu biashara iachiwe huru, ndipo mgeni alipomtokea. Msichana mrefu, gauni la kijani lenye vifungo vyeupe, koleo dogo mkononi.

"Kaka, naomba nifunue magunia yako. Natafuta nge."

"Dada yangu, hapa watu hutafuta chumvi!"

"Chumvi naisoma chuoni. Nge ndiye sina."

Jina lake Editha. Siku hiyo hakupata nge, ila alipata soda baridi na mtu wa kumchekesha. Masika yalipoanza, Sufiani alikuwa akimwita laazizi.

Nge waliendelea kumtesa Editha. Kila nge aliyeletwa alikuwa amepondwa. Umeme ulikatika ovyo, na mashine ya kupimia neva ilikuwa ya kuazima. Ijumaa wenyewe wangeichukua. Bila nge hai, utafiti wake ungeishia hapo.

"Kwani huyo nge ana nini hasa?" Sufiani alimuuliza mbele ya wenzake kibandani.

"Neva, yaani mshipa wa fahamu, ina vimilango. Ukifinywa, vinafunguka, sodiamu inaingia, ile iliyomo kwenye chumvi yako, na ujumbe unasafiri. Kufumba na kufumbua, vinajifunga. Sasa sumu ya nge inakishikilia kimlango kisijifunge. Neva inapiga kelele tu, haijui kunyamaza."

"Kidudu kile? Laazizi, hapo umetia chumvi!"

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Editha hakucheka. Asubuhi ileile msimamizi wake chuoni alikuwa amemwambia kwamba matokeo yake yanafanana na hadithi. Akachukua mkoba, akaondoka bila kuaga.

Jumatano simu ya idara ililia.

"Editha, ni mimi. Napeleka mzigo Kisaki. Nitakuletea nge, tena hai, kabla ya Ijumaa mchana."

"Usijisumbue. Mimi si mtia chumvi?"

"Mpenzi, nilikuwa natania."

"Wote mnatania!"

"Nimeshaahidi."

"Nani kakuomba?" Akakata. Kisha akabaki akiikodolea macho ile simu, akiichukia kwa kuwa hailii tena.

Ijumaa ukungu uliifunika Uluguru yote. Maabarani wenye mashine walikuwa wakikunja nyaya, na Editha amewapa mgongo wasimwone machozi. Mlango ukasukumwa.

Sufiani aliingia, shati limelowa jasho, mkono wa kulia ameukumbatia kifuani. Wa kushoto ulishika kopo la maziwa ya unga lililotobolewa matundu.

"Amekuuma!"

"Alfajiri. Nilikuwa namwingiza koponi."

"Si ungemponda! Ungekwenda zahanati!"

"Nimepitia. Wameniambia nilale pale wanitazame." Akaliinua kopo. "Sasa huyu angekufikiaje?"

"Wewe mwanamume, una wazimu?"

Alijaribu kucheka, akashindwa. "Editha, mkono huu unapiga kelele. Nauambia nyamaza, hausikii. Hukutia chumvi, mpenzi. Hata punje."

Editha akamkalisha kwenye kiti chake, akamfuta uso kwa pindo la koti lake jeupe. "Tunakwenda hospitali sasa hivi, mbishi wewe." Kisha akawageukia wenye mashine. "Jamani, nawaomba, chomekeni tena. Narudi."

Akainua kifuniko kidogo tu. Chini, juu ya mchanga wa Kisaki, mkia ukainuka.

Alikuwa hai.